Wachangishaji gatini, Mkunguni na mlangoni: maswali ya watu wa Lamu

Ushauri unaotolewa miji mikubwa kuhusu wachangishaji ni kwamba utazame mbele na upite. Lamu haufai. Ukimkwepa mtu gatini utamkuta uwanja wa Mkunguni, ukimkwepa Mkunguni mtakutana safu moja msikitini, na jioni utasikia kwamba ni shemeji wa jirani yako. Majibu haya ni ya mtu aliyewahi kukaa upande wa pili pia, akizunguka na kitabu cha risiti kwa niaba ya kamati ya madrasa. Wanaouliza ni wenyeji, watu wanaorudi likizo kutoka Mombasa na ng'ambo, na waliohamishiwa hapa kikazi ambao bado hawajazoea kusimamishwa mara tatu kabla ya kufika ofisini.

Nimeshuka boti ya Mokowe na mtu ameshanikaribia na karatasi zake. Nalazimika kusimama?

Hulazimiki. Itikia salamu, kisha shughulika na mzigo wako. Gatini ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kuamua jambo la sadaka: hamali anataka chake, mtoto analia jua, pochi iko wazi na nusu ya watu waliopanda nawe boti wanatazama utatoa ngapi. Wachangishaji wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana wanasimama pale na si kwenye kichochoro cha mtaa wa Mkomani saa tano za asubuhi.

Kama shughuli yake imekugusa, muulize atakuwa wapi baada ya alasiri. Mtu mwenye jambo la kweli atakwambia msikiti gani au baraza ya nani. Anayekung'ang'ania kwamba ni sasa hivi au basi, mwache aende na basi yake.

Kukataa si dhambi?

Wengi hutoa shilingi 50 kwa kuogopa swali hili tu. Aya inayotajwa sana ni ile ya Sura ya 93 inayokataza kumkaripia mwenye kuomba. Tazama inachokataza: karipio. Na Sura ya 2, aya ya 263, inasema kauli njema na kusamehe ni bora kuliko sadaka inayofuatwa na maudhi. Kwa hiyo mtu aliyekataa kwa uzuri yuko pazuri kuliko aliyetupa noti huku amekunja uso, akageuka kumsema mwenzake kwa rafiki yake.

Ila kuna tofauti ambayo watu wanaisahau, na karibu majibu yote hapa chini yanaitegemea. Anayejiombea na anayewaombea wengine si mtu mmoja. Mzee aliyekaa mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa akinyoosha mkono, mpe ulichonacho au mwombee dua, upite. Usimtake barua, usimhoji. Lakini aliyekuja kwa jina la mayatima, la msikiti au la mgonjwa amebeba amana ya watu wasiokuwepo, na mbeba amana huulizwa. Kumuuliza si kumtuhumu. Mchangishaji mzuri hufurahi akiulizwa, kwa sababu amepata mtu atakayekumbuka majibu.

Niseme nini nisimvunjie heshima?

Maneno ya kwetu yapo na hayajaisha kazi. "Mungu akupe, maalim." "Mwenyezi Mungu awafikishe." Kwa mtu mzima mwanamke, "Niwie radhi mama, leo sina fungu." Sema huku umesimama, si huku unakimbia, halafu nenda.

Neno la kuchunga ni "inshallah kesho". Nairobi ni njia ya kuaga. Hapa kesho atakuja, tena atakuja nyumbani, atabisha hodi na kumwambia mkeo kwamba umeahidi. Kama hutaki kutoa, usiweke ahadi. Na usidanganye kwamba huna hata senti ilhali umetoka kununua kilo mbili za changu mbele ya macho yake. Sema kweli: sadaka yangu ya mwezi huu nimeshaipangia. Ni sentensi ambayo haina jibu, na kama kweli unaipanga, si uongo.

Nitajuaje kama ni mkweli?

Anza na anachokuonyesha. Karibu kila mchangishaji ana vitu vitatu: barua, picha na kitabu cha risiti. Barua ndiyo watu huitazama sana, na ndiyo inayosema machache. Muhuri unachongwa popote penye fundi wa mihuri. Tazama tarehe. Barua ya kuomba msaada wa kuezeka iliyoandikwa miaka minne nyuma ina maswali yake: je, paa bado?

Picha zina habari zaidi. Kuna moja imeshapita mikononi mwa watu wengi wa mji huu, ya jengo la madrasa lenye nguzo sita na nondo zimechomoza juu. Imetiwa plastiki na kona moja imekunjika. Nguzo ni hizo hizo Ramadhani baada ya Ramadhani, na mbuzi ni yule yule chini yake. Uliza ilipigwa lini, uliza picha ya mwezi huu iko wapi. Siku hizi kila mtu ana simu ya kamera. Msimamizi wa kazi anashindwaje kutuma picha moja?

Kitabu cha risiti ndicho shahidi wangu. Kishike mkononi, kifungue nyuma. Kinatakiwa kiwe na nakala ya kila risiti iliyotoka, na nambari zifuatane. Ukikuta kurasa zimechanwa pamoja na nakala zake, au kitabu kinaanza 001 kila ukikutana naye, umepata jibu bila kugombana na mtu. Tazama pia kama kiasi kimeandikwa kwa maneno na kwa tarakimu. Risiti iliyoandikwa "msaada" bila kiasi ni kipande cha karatasi tu.

Halafu muulize mambo madogo ambayo mwenye kazi hawezi kutoyajua. Fundi ni nani? Mfuko wa saruji mnanunua kwa bei gani, na unafikaje huko, kwa jahazi au kwa boti? Mmebakisha nini? Anayechangia ukuta wa Kizingitini au Siyu kwa kweli atakuchosha kwa maelezo ya usafirishaji, kwa sababu ndiyo yanayomnyima usingizi. Tapeli atakurudishia aya na hadithi.

Kwa majengo ya Mji wa Kale kuna swali la ziada. Mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na kuligusa jengo la kale kunahitaji idhini, Makavazi ya Taifa yakihusika. Anayechangisha kukarabati msikiti wa zamani huko Mkomani aulizwe idhini imefikia wapi. Si kumtega. Ni kwamba fedha zikikusanywa kabla ya idhini hukaa, na fedha zinazokaa zina tabia ya kupungua.

Sheria inasemaje? Mtu yeyote anaweza kusimama Mkunguni akachangisha?

Hapana. Kuna sheria ya michango ya hadharani, Sura ya 106 ya Sheria za Kenya, inayotaka mkusanyaji wa michango kwa umma awe na kibali. Ina misamaha yake, na kwa desturi zetu michango mingi ya mtaani hupita bila mtu kukumbuka kwamba sheria hiyo ipo. Lakini kwa mgeni asiyejulikana na mtu yeyote kisiwani, swali la kibali ni la haki kabisa, na ofisi ya chifu ndiko kwa kuanzia kuuliza.

Usichanganye kibali na usajili. Cheti cha usajili kinasema tu kwamba kikundi kipo. Vikundi vya jamii vinasajiliwa chini ya sheria ya 2022, na mashirika makubwa ya manufaa ya umma chini ya sheria iliyopitishwa 2013 na kuanza kutumika Mei 2024, ikichukua nafasi ya ile ya NGO ya 1990. Mtu akikuonyesha cheti, soma jina lililoandikwa, kisha linganisha na jina lililo kwenye risiti na jina la akaunti. Majina matatu tofauti ni tatizo.

Anataka nitume kwa M-Pesa. Kuna hatari?

M-Pesa imeingia 2007 na imeondoa udhuru wa "sina chenji". Kwa mkusanyaji mwaminifu imekuwa neema, maana kila kitu kina kumbukumbu. Kwa mtoaji, ni bora kuliko noti, kwa sharti usome kabla ya kutia nambari ya siri.

Paybill, yaani nambari ya malipo ya taasisi, iliyosajiliwa kwa jina la msikiti, madrasa au hospitali ndiyo nzuri. Till, nambari ya malipo ya duka, kwa kazi ya msikiti inahitaji maelezo. Nambari ya simu ya mtu binafsi ndiyo inayotumika zaidi hapa, na si lazima iwe wizi: kamati nyingi ndogo hazina akaunti, zinamwamini mweka hazina na simu yake. Basi jina linalotokea liwe la mweka hazina anayejulikana, si la mpwa wa mtu fulani. Jina lisipolingana, simamisha hapo hapo. "Hiyo ni laini ya mke wangu" nimeisikia sana. Pengine ni kweli, lakini msikiti haujengwi kwenye laini ya mke wa mtu.

Usimpe simu yako akubonyezee, hata kama macho yako hayaoni vizuri maandishi. Tafuta kijana wako, au mwenye duka unayemjua. Na ujumbe unaodai kwamba umetumiwa fedha kimakosa mara baada ya kutoa sadaka, usiurudishie chochote kabla ya kutazama salio lako.

Nimeshatuma na sasa nina shaka. Naweza kuzirudisha?

Kutuma ujumbe wa muamala kwenda 456 ili urudishiwe fedha ni kwa aliyekosea nambari. Kujuta si kukosea nambari. Kama ni utapeli wa wazi, ita huduma kwa wateja mara moja, kisha nenda polisi na ujumbe wa muamala. Fedha zikishatolewa kwa wakala, kuzipata ni kazi ngumu.

Ana karatasi ya majina ya waliotoa, inataka nambari ya kitambulisho na simu. Niandike?

Jina na kiasi vinatosha, na hata jina ukipenda andika "Muislamu", "msamaria" au "mpita njia". Nambari ya kitambulisho haina kazi yoyote kwenye ujenzi wa choo cha madrasa. Mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua kwamba wameandikishwa kwenye vyama vya siasa bila habari yao. Nambari hizo zilipatikana mahali. Sheria ya kulinda data ya 2019 inakupa haki ya kuuliza taarifa zako zinakwenda kufanya nini, na ya kukataa.

Karatasi ile ina kazi nyingine ambayo si ya kisheria. Jina la kwanza juu mara nyingi ni la tajiri fulani na kiasi kikubwa, ili wewe wa tisa uone haya kuandika mia. Nimeona karatasi ambayo safu tatu za mwanzo zina mwandiko mmoja na kalamu moja. Andika mia yako.

Mgonjwa yuko Mombasa, wanachangisha bili. Nitakataa vipi?

Hili ndilo gumu, kwa sababu hapa ukweli ni mwingi kuliko uongo. Mgonjwa akipewa rufaa kutoka Lamu, familia hubeba bili pamoja na boti, basi, chakula na mahali pa kulala kwa anayemuuguza, pengine kwa wiki kadhaa. Bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, haifiki kwenye nauli wala kwenye chai ya mwenye kuuguza. Watu huuza punda, huuza hata kiwanja. Usimtilie shaka kila mwenye karatasi ya hospitali.

Ila karatasi hizo huzeeka na kuendelea kutembea. Mgonjwa ameshatoka au ameshazikwa, na barua bado iko njiani. Kwa hiyo uliza jina kamili la mgonjwa, hospitali, wodi, na nani yuko naye sasa. Piga simu kwa huyo aliye naye, umjulie hali mgonjwa. Ni jambo la kiutu hata bila mchango, na simu ya dakika mbili hukupa kila unachotaka kujua.

Ukiwa na uwezo, lipa moja kwa moja. Hospitali kubwa zina paybill, na nambari ya mgonjwa hutiwa kwenye sehemu ya akaunti. Fedha hazipiti mkononi mwa mtu, na familia haibaki ikisemwa mtaani kwamba imekula. Kama bili imeshashughulikiwa, mtumie anayeuguza nauli. Hiyo ndiyo husahaulika siku zote.

Na tafadhali, picha za kidonda cha mtu, au za mama wa watu aliyelala kitandani bila mtandio, zisisambazwe kwenye makundi ya WhatsApp. Anapona, anarudi mjini, anakuta kila muuza samaki ameuona mwili wake. Ujumbe wenye jina, hospitali, kiasi kinachohitajika na nambari ya kulipia unatosha kabisa.

Watoto wenye visanduku je?

Usitie kitu. Najua inauma, hasa wakiwa na kofia na juzuu mkononi. Lakini mtoto anayezungushwa na kisanduku saa za chuo cha Kurani hayuko chuoni, na kadiri anavyoleta ndivyo atakavyotumwa tena. Sheria ya Watoto ya 2022 haimruhusu mtu kumtumia mtoto kuomba. Muulize maalim wake ni nani, kisha uende kwa maalim. Kama ana njaa mnunulie chakula, ale ukiwepo. Kama anaonekana anapigwa au hana mtu, nambari 116 ni ya bure na ni ya watoto.

Watoto wanaopita na mama yao siku ya Idi ni jambo jingine, usiwafanyie mahakama.

Naweza kumpa zaka yangu huyu mwenye msikiti?

Kwa wanavyuoni wengi wa madhehebu manne, na Shafi yetu ikiwemo, hapana. Zaka ina mafungu yake manane yaliyotajwa katika Sura At-Tawba, aya ya 60: mafukara, maskini, wanaoitumikia zaka, wanaotiwa nguvu nyoyo zao, kuwakomboa watumwa, wenye madeni, njia ya Mwenyezi Mungu na msafiri aliyekatikiwa. Ukuta wa msikiti humo haumo kwa rai hiyo. Ukuta ni sadaka, na sadaka yenye kuendelea ina malipo makubwa. Ile asilimia 2.5 yako mtafutie jirani mwenye deni dukani. Mchangishaji anayesema "vyote ni sawa, tia tu" hajui kazi yake, au anaijua sana. Kwa hali yako maalumu, muulize maalim wako.

Je, mchangishaji mwenyewe hulipwa?

Mara nyingi ndiyo, ingawa halisemwi. Wengine hupewa nauli na chakula, wengine hupewa sehemu ya walichokusanya. Sioni ubaya wa nauli. Mtu aliyetoka Tana River hakuja kwa miguu. Ubaya ni kuficha. Muulize wazi kwa kila mia ninayotoa, ngapi inafika. Akitaja sehemu anayopata bila kubabaika, huyo nampa mimi kwa moyo mweupe kuliko anayeapa kwamba hali hata senti.

Wakati wa Maulidi na Ramadhani wanakuwa wengi. Nifanyeje?

Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, mji hujaa. Wageni wa Maulidi ya msikiti wa Riyadha hutoka Afrika Mashariki nzima na Komoro, na wachangishaji hufuata watu kama ilivyo kila penye mkusanyiko. Panga kabla. Kaa na wa nyumbani mkubaliane fungu la msimu, liwe elfu moja au elfu ishirini, na mkubaliane linakwenda wapi: sehemu kwa jamaa, sehemu kwa jirani, sehemu kwa shughuli mnayoijua, na kidogo kiwe sarafu na noti ndogo mfukoni za watakaokutana nanyi njiani. Kidogo hicho kikiisha, kimeisha, na ule ulimi wa "fungu langu nimelipanga" unakuwa kweli tupu. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, walisema wazee. Hawakusema kutoa ni kutekwa Usita wa Mui, njia kuu ya mji.

Anayechangisha ni jamaa yangu. Siwezi kumtaka risiti.

Mtake. Tena jamaa ndiye wa kumtaka kwanza, maana akiharibu jina linaloharibika ni lenu nyote. Mwambie unataka risiti ya kumbukumbu zako, hana haja ya kujua zaidi.

Nimekwenda ofisi ya serikali kufuatilia cheti, nikaambiwa nichangie harambee kwanza.

Hiyo si sadaka. Sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya 2003, iliyofutwa 2025 na sheria ya mgongano wa maslahi, ilimkataza afisa kuigeuza ofisi yake kuwa mahali pa kukusanya harambee, na kumtia mtu shinikizo la kutoa kwa kutumia cheo chake. Wenye umri wanakumbuka miaka ambayo harambee, neno zuri tulilolipokea pamoja na uhuru 1963, lilikuwa kama kodi ya pili. Julai 2024 Rais William Ruto alitangaza kuwapiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee. Tangazo na mwendo wa watu ni vitu viwili. Uliza kwa upole kama mchango huo ni sehemu ya ada ya cheti, na kama uandikiwe risiti ya serikali. Mara nyingi kitabu cha mchango hurudi kwenye droo.

Wanasiasa wanaotoa minoti mbele ya kamera ni mjadala mwingine.

Nina wageni wa kizungu Shela. Kila siku wanaombwa kwa ajili ya nyumba ya mayatima. Niwaambie nini?

Waambie wasitoe ufukweni. Pwani hii, na Malindi na Watamu hasa, imeona nyumba nyingi zilizojazwa watoto wenye wazazi hai kwa sababu mgeni hupenda kupiga picha na mtoto. Serikali ilisimamisha usajili wa vituo vipya vya watoto Novemba 2017, na mwelekeo wa nchi sasa ni kuwarudisha watoto kwenye familia. Kwa hiyo kijana anayekusanya fedha za kufungua kituo kipya ana la kueleza. Mgeni mwenye nia njema amlipie mtoto mmoja karo, alipe shuleni, apate risiti ya shule. Na anayependa wanyama, kliniki ya punda iko mjini tangu 1987, wala haimfukuzi mtu ufukweni.

Kisanduku kilichowekwa dukani?

Muulize mwenye duka nani hukifungua na lini. Hajui? Basi.

Mimi ndiye niliyetumwa kuchangisha. Watu hawaniamini. Nifanyeje?

Usikasirike, wameshaliwa. Nenda kwanza kwa imamu wa msikiti unaotaka kusimama na kwa chifu, kabla hujafungua mdomo. Mtu wa mtaa akikutambulisha baada ya swala, umeshamaliza nusu ya kazi. Tembeeni wawili, na hesabu ifanywe jioni hiyo hiyo na watu watatu, iandikwe, itiwe saini na wote. Fedha zilizolala bila kuhesabiwa huleta maneno hata kama hazikuguswa.

Taja kiasi kamili na siku ya mwisho. "Tunataka kumaliza paa" haitoshi. Sema paa linataka mabati mangapi, mmeshapata mangapi, bado mangapi. Watu wa hapa hupenda kitu kinachohesabika, na mwenye duka la vifaa aliyekunyima mia mbili atakupa bati mbili bila kusita, maana bati hailiwi. Kubali vitu: saruji, chokaa, boriti, siku moja ya fundi. Akina mama wapelekewe habari na mwanamke mwenzao nyumba kwa nyumba. Wao hutoa kidogo kidogo bila kukoma, na huuliza maswali makali kuliko wanaume wa barazani, kwa hiyo aende anayezijua hesabu.

Kazi ikiisha, rudi. Hapa ndipo karibu wote huanguka. Bandika hesabu kwenye ubao wa msikiti: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki na kinakwenda wapi. Tuma picha ya paa kwa kila aliyekupa nambari yake. Na zikivuka kiasi ulichotaja, tangaza kwamba zimetosha na usimamishe.

Nikishuku utapeli, nimwambie nani? Sitaki kumzushia mtu.

Usipige kelele njiani, na usimpige picha ukaitupa kwenye kundi la WhatsApp na maneno "jihadharini na mwizi huyu". Ikiwa si mwizi, utaifuta vipi? Andika jina alilokupa, nambari ya simu aliyotaka itumiwe fedha, jina la taasisi, na uhifadhi risiti. Kisha wapigie wanaotajwa kwenye barua kwa nambari uliyoipata mwenyewe kwa watu, si iliyoandikwa juu ya barua ile. Watu wa Faza, Kipungani au Matondoni si wageni wetu. Kwa jioni moja utapata wa kukwambia kama madrasa hiyo ina ujenzi au haina.

Ikibainika ni uongo, mpelekee chifu au polisi. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni za Adhabu, na kifungo chake hufika miaka mitatu. Ujumbe wa simu wa kitapeli utume kwenda 333, bure kwa laini za Safaricom. Mwambie pia imamu na mwenye duka la gatini, kwa sauti ya chini. Boti ya jioni ikiondoka, huyo bwana atakuwa ameshajua kwamba mji umeshajua.